Rubani Anayedaiwa

Kuna kazi chache ambazo mtu hulipwa ili, siku ikibidi, awakatalie wale wanaomlipa. Hakimu ana kazi ya namna hiyo. Daktari pia. Rubani naye yumo, na kukataa kwake hakuna rufaa. Ukungu ukitanda juu ya uwanja, mvua ikiziba njia, ni yeye wa kusema: hapa hatutui leo, tunarudi. Huko juu hakuna kikao kitakachoitishwa, na abiria hawapigi kura.

Swali ninalojiuliza ni hili: mtu anayedaiwa anaweza kukataa? Na kwa jinsi tunavyowapata marubani wa mashirika yetu ya ndani, tunawaandaa watu wenye uwezo wa kusema hapana, au tunawapunguzia uwezo huo kabla hawajakaa kwenye kiti?

Naishi Yombo Vituka, Temeke, ng'ambo tu ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Nilifundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu. Watoto wa mtaani kwetu huzijua ndege kwa mlio: hii ATR, hii Caravan, hii kubwa ya Waarabu. Kwa miguu, geti la uwanja si mbali. Kwa fedha, chumba cha marubani kipo mbali kuliko Ulaya. Jirani zetu wa Kipawa na Kigilagila walihamishwa ili uwanja upanuliwe, kwa hiyo naweza kusema bila kutia chumvi kwamba uwanja umetufikia sisi kwa urahisi kuliko sisi tulivyoufikia.

Nianze na hesabu, kwa kuwa kila kitu katika kazi hii huanza na hesabu. Viwango vya kimataifa vinavyofuatwa na nchi nyingi vinasema hivi: ili upate leseni ya rubani binafsi unahitaji kiasi cha saa 40 za kuruka. Ili upate leseni ya biashara, yaani ile inayokuruhusu kulipwa, unahitaji saa 200, au 150 ukisoma kozi moja mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Ili upate leseni ya juu kabisa, ile anayotakiwa kuwa nayo kapteni wa ndege kama ATR inayoendeshwa na marubani wawili, unahitaji saa 1,500. Katikati ya 200 na 1,500 kuna bonde, na vijana wengi hukwama humo.

Saa hizo mia mbili za kwanza hakuna anayekulipa uzipate. Unazinunua. Watanzania wengi wamezinunua Nairobi, Afrika Kusini, Ethiopia au Marekani, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Buza, alipoletewa hesabu ya shule aliyoitaka, ilizidi dola 50,000. Dada yangu alikuwa na nyumba ya vyumba sita alivyokuwa akipangisha, iliyokuwa imemsomeshea watoto wote. Akaiuza. Ndugu wakachanga kama tunavyochanga harusi, na mjomba mtu nikatoa sehemu ya kiinua mgongo changu. Pengo lililobaki likazibwa kwa mkopo wa benki uliowekewa dhamana ya kiwanja cha Chanika.

Kijana akaenda, akasoma, akarudi na leseni. Akafanya mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili leseni ya ugenini itambulike hapa. Akapimwa afya daraja la kwanza: macho, moyo, masikio. Kisha akaanza kusoma matangazo ya kazi, na kila tangazo likamwambia jambo lilelile. Awe na uzoefu wa saa mia tano. Awe na saa elfu moja. Yeye alikuwa na mia mbili na kumi na kitu. Alikaa nyumbani karibu miaka miwili, na kila baada ya muda alilazimika kulipa tena ili apimwe afya na leseni isife. Saa zilikuwa haziongezeki, gharama zilikuwa zinaongezeka.

Hapa ndipo niliposimama mara ya kwanza kama mwalimu. Mimi nilipoajiriwa sikuulizwa nimefundisha vipindi vingapi. Serikali ilijua kwamba mwalimu hukomaa darasani, na darasa ni lake serikali. Lakini rubani huambiwa: njoo ukiwa umekomaa. Wapi akomae? Mwenye baba tajiri hununua saa nyingine mia tatu, akaruka peke yake juu ya mashamba ya ugenini mpaka kitabu chake kijae. Asiye na baba huyo hungoja. Siku ya usaili wote wawili wanaweka vitabu mezani, na kile kinachoitwa uzoefu, kwa sehemu kubwa, ni risiti.

Sisemi saa hazina maana. Mtu aliyeziona mvua za masika mara mia juu ya bahari kati ya Dar na Mafia anajua kitu ambacho kitabu hakikiandiki. Ninachosema ni kwamba idadi ya saa inajibu swali la umekaa angani muda gani. Swali la wewe ni mtu wa namna gani ni lingine kabisa.

Wamarekani walijifunza tofauti hiyo kwa uchungu. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya shirika dogo la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo. Walikufa 50: wote 49 waliokuwamo, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilipotoa onyo kuwa mwendo umepungua mno, kapteni alivuta usukani wakati alipaswa kuusukuma. Ilijulikana pia kwamba alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa ya kuruka huko nyuma, na mengine mwajiri wake hakuyajua. Rubani msaidizi, mwanamke kijana, alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini, na mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi cha kuwa mjadala wa nchi nzima. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria akatakiwa, isipokuwa kwa waliopitia njia chache maalumu, awe na saa 1,500. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 2,000. Sheria ile isingewazuia. Uchovu, mshahara na rekodi iliyofichika vilihitaji majibu yake, lakini tiba iliyovuma kuliko zote ilikuwa idadi ya saa, kwa sababu saa ni rahisi kuhesabu.

Nirudi kwetu. Hatimaye mpwa wangu aliitwa kwenye usaili wa shirika moja linaloendesha Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria kumi na kitu kwenda visiwani na kwenye viwanja vya vumbi vya hifadhini. Usaili wa aina hii una ngazi zake. Kwanza hukaguliwa kitabu cha saa, mstari kwa mstari: saa ngapi ukiwa wewe ndiye kiongozi wa ndege, ngapi usiku, ngapi kwa kutegemea vyombo peke yake. Kisha mtihani wa kuandika: hali ya hewa, sheria za anga, uzito wa mzigo na urefu wa njia. Kisha jaribio la kuruka, angani au kwenye simuleta, ile mashine inayoiga ndege bila kuondoka ardhini. Mwisho ni jopo: rubani mkuu, mkuu wa mafunzo, mtu wa utumishi.

Jioni moja kabla ya jopo alikuja kwangu na karatasi ya maswali aliyokusanya kwa wenzake.

"Shikamoo mjomba. Naomba uniulize kama wao."

Nikavaa miwani, nikauliza. Maswali ya injini sikuyajua majibu yake, nikawa naitikia tu. Nikafika hili: kapteni wako anaendelea kuishusha ndege, mmeshafika kimo cha mwisho kinachoruhusiwa, na uwanja hauonekani. Utafanya nini?

Alijibu bila kusita. Atamwambia kapteni waziwazi. Asiposikia, atarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akiendelea, atashika usukani mwenyewe, ataongeza nguvu ya injini na kuinyanyua ndege.

"Vizuri," nikamwambia. "Sasa hili halimo kwenye karatasi yako. Kapteni huyo ndiye atakayeandika kama unafaa kupandishwa au hufai. Shirika limekusomesha na linakudai. Benki inakudai. Mama yako siku hizi ni mpangaji. Utafanya nini?"

Akanyamaza, akatazama uani.

"Mjomba, huko hawaulizi hivyo."

"Najua."

"Nitafanya vilevile," akasema baadaye. "Ila nitaogopa."

Kama ningekuwa na kazi ya kutoa, ningempa kwa jibu hilo la pili. La kwanza alilikariri.

Aliipata kazi. Na kama ilivyo kawaida ya mashirika mengi duniani, aliwekewa mkataba: shirika litalipia mafunzo ya aina ile ya ndege na taratibu zake, naye atalitumikia miaka mitatu. Akiondoka kabla, anarudisha gharama. Vijana huuita bondi.

Mwenye shirika ana hoja, na ni hoja nzito. Kumfundisha rubani kuendesha ndege mpya ni gharama kubwa. Kwa ndege kama ATR, simuleta mara nyingi iko nje ya nchi, na rubani hupelekwa huko kwa nauli na malazi juu ya mwajiri. Akirudi hukaa miezi akiruka pembeni ya kapteni mkufunzi kabla ya kuachiwa, na baada ya hapo hupimwa tena na tena maisha yake yote ya kazi. Shirika dogo likimaliza kumpika, shirika kubwa huja na sahani. Bila mkataba, mdogo atageuka shule ya bure ya mkubwa, kisha atafunga. Kwa hiyo silaani bondi yenyewe. Anayesomeshwa kwa fedha ya mtu ana wajibu kwa mtu huyo. Hilo hata bibi zetu walilijua.

Ninachouliza ni deni linafanya nini ndani ya akili ya mtu saa ile ya ukungu.

Wapo watakaonicheka. Rubani naye yumo ndani ya ndege, watasema. Anapenda uhai wake. Deni gani litamfanya ajiue? Jibu lake tunalo barabarani hapa Temeke kila siku. Dereva wa daladala anayepita pembeni ya foleni kwa kasi pale Tazara anapenda uhai wake pia. Ana watoto. Ila jioni kuna hesabu ya bosi, na hesabu haijatimia. Deni halimwambii mtu afe. Linamwambia ajaribu. Jaribu kidogo tu, jana ulipita. Na kwa kuwa jana kweli alipita, leo anaamini anachofanya ni ujuzi.

Ndivyo ilivyo angani pia. Sidhani kuna rubani aliyewahi kuchagua kufa ili afike kwa wakati. Anachochagua ni dakika moja zaidi ya kushuka, huenda uwanja ukaonekana. Kurudi kuna bei: mafuta, abiria wa kulaza hoteli, ratiba iliyovurugika, simu ya kujieleza. Mwenye uhuru huiona bei hiyo kama ya shirika. Anayedaiwa huiona kama yake.

Juu ya deni la fedha tuna deni lingine, la adabu. Tumelelewa kwa shikamoo. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni methali za watu waliosafiri baharini, na zina hekima. Lakini usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, kwenda Nairobi, na dakika chache baadaye ikaanguka kwenye mikoko. Walikuwamo 114, hakuna aliyepona. Ripoti ya uchunguzi ilieleza jinsi ndege ilivyoanza kuinamia kulia polepole gizani bila marubani kuliona hilo mapema. Ikaeleza pia watu wawili waliokuwa mbele: kapteni wa miaka hamsini na kitu, mwenye tabia ya kuwatawala walio chini yake, na ambaye kumbukumbu zake za mafunzo zilikuwa na kasoro zilizorudiwa kuandikwa, na msaidizi wa miaka 23, mpole, asiyepaza sauti. Kila niisomapo habari ile naona meza ya familia yoyote ya kwetu, mkubwa akizungumza na mdogo akitazama sahani yake.

Siku hizi marubani hufundishwa kusemezana. Kapteni hufundishwa kuuliza na kusikiliza, msaidizi hufundishwa kupinga kwa maneno yaliyopangwa, hatua kwa hatua. Ni mafunzo ya lazima, nami naona ni kati ya mambo yenye busara yaliyowahi kubuniwa. Lakini huwezi kumfundisha mtu kupaza sauti kwa siku mbili za darasani, kisha ukamrudisha kwenye utaratibu ambamo kila kitu alicho nacho kimeshikwa na yule anayepaswa kumpinga.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo 43. Wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi, na watu 24 walitoka hai. Wengine 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Simsemi marehemu, wala sijui yaliyopita kati yao dakika zile. Naitaja ajali hiyo kwa sababu ya kilichofuata mitaani. Kwa wiki nzima, kwenye vijiwe vya kahawa kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, kila mtu alikuwa anauliza kwa nini hawakwenda Mwanza. Wengi wetu tuliouliza hivyo ni walewale ambao ndege ikichelewa saa mbili kwa ajili ya mvua tunampigia kelele binti wa kaunta. Tunataka rubani shujaa ambaye hatuchelewi naye.

Falsafa yangu si ya vitabu, ni ya darasani. Nimewasimamia wanafunzi mitihani miaka mingi, nikajifunza kwamba ukitaka uadilifu usiujenge juu ya mashujaa. Mashujaa ni wachache. Utaratibu mzuri ni ule unaomwezesha hata mwoga atende lililo sahihi. Nikiupima kwa kipimo hicho utaratibu wetu wa kuwapata marubani, naona tumeupindua: tumechukua uamuzi mgumu kuliko yote, tukamkabidhi mtu tuliyehakikisha kwanza kwamba hana pa kuegemea.

Haikuwa hivi daima. Mwaka 1971 nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa na shule ya urubani Soroti, Uganda, iliyoanzishwa chini ya Jumuiya. Mantiki yake ilikuwa rahisi: anga ni letu sote, basi tuchague vijana wanaofaa, tuwasomeshe, na saa zao ziwe mali ya umma. Jumuiya ikavunjika 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa nayo, Tanzania ikaanzisha la kwake mwaka huohuo, na Soroti ikabaki Uganda. Leo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinajijenga kufundisha fani za anga, kwa mradi uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Ni habari njema. Lakini majengo na ndege za mafunzo havitoshi kama mlango utabaki kufunguliwa kwa ufunguo uleule wa fedha. Kijana wa Buza mwenye kichwa na moyo wa kazi hii apimwe vipaji kwanza, kisha ndipo bei izungumzwe, na bei hiyo isigeuke kitanzi.

Kwa mashirika nina ombi moja. Bondi ibaki, ila iandikwe ndani yake, kwa maneno yanayosomeka, kwamba rubani aliyenyanyua ndege na kuzunguka, au aliyerudi alikotoka, haulizwi gharama. Najua yapo mashirika duniani yenye sera ya namna hiyo. Iwe kwenye mkataba uleule wenye deni, ukurasa uleule, ili kijana anaposaini anachodaiwa asaini pia asichoweza kudaiwa.

Na sisi abiria tuna fungu letu. Tunamdai rubani pia, kila tunapoitazama saa na kuguna. Siku atakapotangaza kwamba Bukoba haionekani na tunarudi Mwanza, kutakuwa na mtu mmoja kule mbele ambaye ametumia kitu cha thamani kuliko mafuta, na huenda amekitumia akiwa na hofu ya kukilipia peke yake. Wakati wa kushuka, tumwambie asante kapteni, na msaidizi wake pia, kisha twende tukatafute pa kulala.